Moto wa Kilima cha Dagaa

Gungu, Kigoma
Jumapili, 19 Januari 2025

Kaka Feliksi,

Shikamoo. Leo ni tarehe kumi na tisa, na kabla sijaandika neno jingine naahidi kukueleza kila kitu, hata yale ya kunitia aibu. Ulipokuwa unapanda basi ulisema, "Niandikie, Yunisi, lakini usinitumie barua za salamu tupu." Basi salamu zipo, ila si tupu.

Sisi sote hatujambo. Mama amepona kikohozi. Baba amerudi ziwani juzi, maana mbalamwezi imekwisha na dagaa wameanza tena kuzifuata taa. Baba mkubwa, baba yako, alishuka kutoka Kalinzi Jumatano na mkungu wa ndizi, akasema kahawa imebeba vizuri na goti la Bibi linamsumbua asubuhi tu. Bibi anauliza kama huko Iringa mnapewa mablanketi, na kama bado unaamkia watu kwa kuinama na kupiga makofi taratibu alivyotufundisha, au umeanza kupunga mkono kama mtu anayesimamisha pikipiki. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Nakaa dawati moja na Elinipa, ambaye baba yake ni bwana misitu aliyehamishiwa hapa kutoka Same. Anacheka kwa sauti kubwa na anajua hesabu.

Sasa jambo lenyewe. Nimeingia Bonde la Chuma.

Ndiyo, ule mchezo wako. Likizo ya Desemba nilikuona umeinamia simu kwenye kibaraza, nikakuuliza unafanya nini humo, ukasema wewe ni mchukuzi tu, unasafirisha mbao kutoka msituni kwenda sokoni. Nilipokaa karibu uliigeuza simu upande wa pili. Nikafikiri: kama mchukuzi wa mbao anaweza kufurahi kiasi hicho, mimi pia nitachukua mbao.

Nimekufa mara kumi na moja.

Nitakueleza nilivyokufa. Mgeni anaanzia ukingoni mwa mto, na shati moja na kisu kisichokata. Msitu wenye kuni na chuma uko ng'ambo, na njia ni daraja moja. Kwenye daraja wanasimama watu watano wanaojiita Wenye Daraja. Mmoja kichwani ana alama ya ngazi ya sitini. Mimi nina ngazi ya kwanza. Nikasema moyoni, huyu ni mkubwa kwangu, siwezi kumpita kama jiwe. Nikabonyeza kile kitufe cha kumwinamisha mtu wangu, kisha nikaandika: "Shikamooni."

Wakaandika: "Oya, dagaa wameingia. Leteni sufuria!"

Mwingine akaandika: "Marahaba binti. Toa mzigo."

Nikakatwa kichwa nikiwa bado nimeinama. Kila kitu nilichookota kikabaki kwao, nikarudi ukingoni na shati. Mara ya pili nilidhani hawakuniona vizuri, nikainama zaidi. Mara ya tatu niliwaamkia mmoja mmoja. Elinipa aliposikia alishika mbavu: "Yunisi, unakufa kwa adabu!" Akasema kwao Upareni watu wanasalimia huku wanatembea. Ni kweli, mara ya saba nilisalimia huku nakimbia, nikafika katikati ya daraja.

Lakini mara ya kumi na mbili nilipita. Niligundua kwamba wanaua kwa ajili ya mzigo, basi nikatupa kisu, nikavua hata shati, nikavuka mikono mitupu. Mmoja aliandika, "Huyu mwache, hana kitu." Nikapita katikati yao, nikainama kila upande, wakanitazama tu. Ng'ambo niliokota kuni hadi nikapanda kilima, nikawasha moto na kuuzungushia ukuta wa magogo. Moto ukiwaka, ukuta haubomoki. Kuni zinazoingia kwenye moto hazizidi za nusu siku, kwa hiyo lazima mtu arudi kuzichochea. Na kuna sheria moja iliyonifanya nikae wima: moto ukiwaka siku thelathini bila kuzimika, kambi inakuwa kijiji, na mgeni yeyote anaweza kuchagua kuanzia kijijini badala ya ukingoni. Hatahitaji kupita darajani.

Nimeazimia kufika siku thelathini. Wakitaka kuniita dagaa, waniite. Kambi nimeiita Kilima cha Dagaa.

Nipe maarifa, Kaka. Wewe umecheza miaka miwili.

Mdogo wako,
Yunisi


Iringa
9 Februari 2025

Mdogo wangu Yunisi,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na nne, na ilipofika ilikuwa imefunguliwa. Barua zote za hapa zinasomwa kwanza na mwalimu wa malezi, Mwalimu Nikodemu, kwa hiyo andika ukijua kuna macho mengine. Alinikabidhi mbele ya darasa akasema, "Dada yako ana mwandiko mzuri, na amekufa mara kumi na moja." Darasa zima liliniuliza msiba ni wa nani.

Mablanketi tunayo, ila baridi ya huku haijali blanketi. Mwambie Bibi mikono yangu inapiga makofi yenyewe kwa kutetemeka. Chakula ni maharage. Nimesahau harufu ya migebuka, samaki wa ziwa letu. Nimechagua Fizikia, Kemia na Hesabu na sasa nashangaa nani alinishauri.

Kuhusu Bonde. Nakupenda, kwa hiyo nakuambia ukweli: acha. Mchezo ule si wa mtu kama wewe. Mle watu hawana shukrani wala haya, na ukiinama wanaona shingo tu. Una mtihani wa taifa mwakani. Tumia muda wako kwa Kemia.

Najua hutaacha. Basi sikiliza. Usipite darajani Jumamosi, siku hiyo wote watano wapo. Kifaru, yule mwenye shoka refu, hupiga kutoka kushoto na hukosa shabaha ukipita karibu kabisa na mkono wake wa kulia. Wakikuambia toa nusu tukuache, usitoe; nusu ya pili huchukuliwa mwisho wa daraja. Na jenga ukuta wa mawe, magogo hayatoshi.

Soma kwa bidii. Wasalimie wote, na Baba mdogo akirudi ziwani mwambie nammisi yeye na hadithi zake.

Kaka yako,
Feliksi


Gungu
Jumapili, 23 Februari 2025

Kaka Feliksi,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mwalimu Nikodemu pia, kwa kuwa anasoma. Mwalimu, asante kwa kusifu mwandiko.

Hatujambo. Mvua imekuwa kubwa, barabara ya kwenda Ilagala ilikatika siku mbili na Mama alikosa unga wa muhogo. Siku za Jumamosi naanika dagaa pale Kibirizi kwa Mama Eufrasia, naye hunipa hela za kununulia bando. Wiki iliyopita kunguru walikuwa wengi kuliko dagaa, na Mama Eufrasia aliwatukana kwa Kiha mpaka wavuvi wakavua kofia. Jaribio la Kemia nimepata themanini na mbili, kwa hiyo hoja yako ya Kemia nimeshaijibu.

Moto wangu ulizimika.

Ulikuwa umefika siku ya ishirini na tatu. Nilikuwa na sababu za kutoingia Bonde siku kumi hivi, katikati ya mwezi huu. Nilipoingia tena, kilima kilikuwa kitupu. Ukuta umeanguka, kuni zimechukuliwa, na katikati ya majivu wameacha sufuria. Sufuria kweli, Kaka, mtu alitumia chuma chake kuifua ili aniachie. Nililia kidogo. Elinipa aliuliza kwa nini sikuingia siku zote hizo, nikamwambia nilikuwa na kazi. Sababu zenyewe nitaziacha kwa leo.

Nimeshawasha tena. Jana nilikuwa naokota kuni wakaja wawili, mmoja akaandika, "Dagaa, bado hujakauka tu?" Nikaandika, "Shikamoo. Anikeni mpaka mchoke." Wakaniua. Nikarudi ukingoni, nikavuka tena mikono mitupu na kuendelea kuokota kuni. Waliniua mara tatu kabla ya saa mbili, na mara tatu nilirudi. Nafikiri wao ndio walichoka, maana mara ya nne yule mmoja aliandika, "Huyu ana kichaa," akaenda zake.

Mbinu zako ni za kweli. Nilipita upande wa kulia wa Kifaru na shoka likapiga hewa. Lakini Kaka, barua yangu ya kwanza nimeisoma tena kichwani neno kwa neno, na sikuandika jina la Kifaru. Sikuandika pia habari za nusu ya pili. Mchukuzi wa mbao amejuaje Kifaru hupiga kutoka upande gani, kama si kwa kukatwa? Na kama ulikatwa, mbona hukuniambia?

Na siachi.

Yunisi


Iringa
16 Machi 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa, tuna mitihani ya katikati ya muhula. Mimi mzima. Asante kwa dagaa aliowatuma Mama mdogo, tumewala kavu bwenini kama karanga.

Miaka miwili ni mingi, mtu hujifunza mambo. Huo ndio ujuzi wangu wa Kifaru.

Nami nina swali. Siku kumi ulikuwa wapi? Na simu unayotumia ni ya nani? Nilipoondoka hukuwa na simu.

Hongera kwa Kemia.

Feliksi


Gungu
Jumapili, 30 Machi 2025

Kaka Feliksi,

Shikamoo. Bibi yupo kwetu tangu Alhamisi, ameletwa hospitali kwa ajili ya goti. Daktari amempa dawa ya kupaka, naye anasema inanuka kama mafuta ya pikipiki. Mama mzima. Baba yuko ziwani.

Umeuliza simu ni ya nani. Niliahidi kukueleza kila kitu, na hilo sikukueleza, kwa hiyo sasa nasema. Simu ni ya Baba. Tangu ile ya kwanza ilipotumbukia ziwani, huiacha nyumbani akienda kuvua. Nikawa naichukua alfajiri na jioni bila kuomba. Mama alipouliza nilisema natafuta maswali ya Kemia. Mara nyingine nilikuwa natafuta kweli, lakini si mara nyingi. Mwezi ukiwa mpevu Baba halali ziwani, anakaa nyumbani siku kumi, na simu inakaa kwenye mfuko wa shati lake. Ndiyo siku kumi zangu. Siku thelathini zozote utakazozihesabu, Kaka, lazima ziwe na mbalamwezi ndani yake. Mimi niliyezaliwa hapa, binti wa mvuvi, niliwasha moto wa siku thelathini nikasahau mwezi! Na nikasahau mara ya pili. Moto wa pili ulizimika tarehe kumi na mbili Machi.

Siku hiyo tulikuwa tunakula. Simu ikalia mfukoni mwa Baba, maana safari hii bando lilikuwa halijaisha. Akasoma polepole: "Moto wako umezimika." Mama akainuka kwenda kutazama jiko.

"Moto gani?" Baba akauliza. Mama akajibu kutoka jikoni, "Huu unawaka!" Baba akanitazama. Nikapiga magoti nikasema yote.

Hakupiga kelele. Aliosha mikono, akajifuta, akasema, "Umechukua bila kuomba, na umemdanganya mama yako." Wiki nzima sikugusa simu, na niliparua magamba ya samaki wote walioingia nyumba hii. Nilistahili. Lakini siku ya mwisho aliniita kibarazani.

"Hao watu wanakaa darajani kutwa?"

"Ndiyo, Baba."

"Kazi hawana?"

"Sijui, Baba."

"Na wewe ulitaka kulinda moto mwezi mzima. Na nani?"

"Peke yangu."

Akacheka mpaka Mama akatoka kutazama. "Peke yako! Sisi kwenye mtumbwi wa taa tuko wawili, na nyuma yetu wako watano, na bado tunasinzia. Taa haiachwi, Yunisi. Mmoja akilala, mwingine anashika. Anayeshika taa peke yake hana taa, ana usingizi." Kisha akanipa masharti: simu baada ya kazi za shule, mpaka taarifa ya habari ya saa mbili. Na mbalamwezi ni ya kwake, nisiombe.

Basi nimetafuta watu. Elinipa ameingia, anatumia simu ya dada yake. Jonathan, yule bodaboda wa kijiwe cha pale sokoni, nilimwona ameshika simu akikatwa darajani huku abiria anamngoja. Nikamwambia, "Kaka Jonathan, pita mikono mitupu." Alinitazama kana kwamba mimi ni mganga. Wa nne ni Mwavita wa Ujiji, anauza vitumbua na mama yake, tulikutana ukingoni, yeye akiwa amekufa mara ishirini. Kila mtu ana saa zake, nimeziandika kwenye ukurasa wa katikati wa daftari la Jiografia. Tuliwasha tarehe ishirini Machi. Leo ni siku ya kumi na moja. Siku ya thelathini itakuwa tarehe kumi na nane Aprili, na mbalamwezi ikija, watatu watashika nami nitakaa nyumbani na mikono yangu.

Sasa nimemaliza yangu. Nasema yako.

Jumanne Kifaru alikuja hadi ukutani. Nilikuwa zamu. Akasoma jina langu ukutani, akaandika, "Yunisi wa Gungu? Mdogo wake Radi?"

Nikaandika, "Shikamoo. Radi simjui."

"Radi ni Feliksi, wewe! Mimi Davis, wa hapa Mwanga, nilikuwa nakuja kwenu kula ugali. Radi ndiye aliyetuweka darajani. Hata ule utani wa "leteni sufuria" ni wake. Mwambie tunamsubiri likizo ya Juni, tutavunja kijiji chenu kwa nusu saa."

Davis. Ulipokuwa unakaa kwetu ukisoma, Mama alikuwa anamwekea kipande cha samaki cha katikati.

Kaka, ulisema wewe ni mchukuzi wa mbao. Nilikueleza nilivyokatwa nikiwa nimeinama, na wewe ndiye uliyewafundisha kucheka. Ukaniambia mchezo ule si wa mtu kama mimi. Uliogopa nitaumia, au uliogopa nitajua?

Mwalimu Nikodemu, samahani kwa kuandika kwa hasira. Nimejitahidi mwandiko usiharibike.

Yunisi


Iringa
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Yunisi,

Pasaka njema kwako na kwa wote. Goti la Bibi lipewe joto, si baridi.

Barua yako ilikaa kwa Mwalimu Nikodemu siku tatu. Siku ya nne aliniita ofisini, akaiweka mezani akasema, "Barua hii imenikosesha utulivu. Radi ni nani?" Nikasema ni mtu wa kwenye mchezo. Akasema, "Sikuuliza ni wa wapi. Nimeuliza ni nani." Nikaitazama barua. Akasema, "Kaa hapo mpaka umjue," akaendelea kusahihisha madaftari. Nilikaa vipindi viwili.

Radi ni mimi.

Nilipoanza Bonde niliuawa mara nyingi kuliko wewe, wala sikuwa na akili ya kuvuka mikono mitupu. Nilinyang'anywa mpaka nikawa naota daraja lile. Siku nilipopata shoka sikufikiria kulima wala kujenga. Nilikwenda darajani moja kwa moja, nikamwita Davis, nikasema sasa ni zamu yetu. Ya sufuria niliitunga siku hiyohiyo. Watu walicheka sana. Ni vigumu kukueleza ilivyo tamu watu ishirini wakicheka neno lako.

Julai nilipofika hapa niliitwa njuka, kama wageni wote. Ndoo yangu ilichukuliwa siku ya kwanza, na kuna ngazi hapa ambazo njuka hapandi bila kuimba. Niliimba. Na nilipokuwa naimba, Yunisi, sikukumbuka hata mara moja kwamba na mimi nina daraja langu. Sasa tunasubiri njuka wapya wa Julai hii, na wenzangu wameshaanza kupanga nani atasimama kwenye ngazi. Wameniuliza kama nitasimama nao. Sijawajibu.

Uliuliza niliogopa nini. Niliogopa utajua.

Sitakuahidi jambo nisiloweza. Davis ni rafiki yangu tangu darasa la tano. Mama yake alinipeleka hospitali nilipovunjika mkono. Juni akiniita, sijui nitasemaje.

Moto uko siku ya ngapi?

Feliksi


Gungu
Jumapili, 4 Mei 2025

Kaka Feliksi,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana. Niliisoma mara mbili peke yangu na mara moja kwa sauti, nikaruka sehemu ya Davis kwa sababu Mama alikuwepo. Bibi amerudi Kalinzi na goti lake la joto. Wameanza kuchuma kahawa, na Baba yako anasema ukifika Juni usipumzike, kuna kikapu chako. Nimekuwa wa tatu darasani. Elinipa amekuwa wa pili na hataki tuzungumze jambo lingine.

Unauliza moto. Nitakueleza kama ilivyokuwa.

Baba alikuja nyumbani tarehe nane Aprili, simu ikaingia mfukoni. Kuanzia hapo sikuona kitu. Nilikuwa nasikia habari asubuhi kutoka kwa Elinipa shuleni, na jioni nikipita kijiweni Jonathan alininyooshea vidole vya hesabu ya siku: ishirini na mbili, ishirini na tatu. Mara mbili Kifaru na wenzake walikuja kupiga ukuta. Ukuta ukipigwa moto unakula kuni haraka, lakini mtu akiwepo wa kuchochea, hawawezi kitu. Walichohitaji ni saa moja tu ambayo hakuna mtu.

Siku ya thelathini ilikuwa Ijumaa Kuu.

Davis si mjinga. Alijua mimi na Jonathan tutakuwa kanisani saa tisa, na Elinipa vilevile kwenye kanisa lao. Mimi mwenyewe niliijua hatari hiyo tangu Machi, nikaandika kwenye daftari: Ijumaa Kuu, saa nane hadi saa kumi na moja, Mwavita. Lakini kuandika jina na kumwamini mtu ni mambo mawili. Nilikuwa sijamwona Mwavita kwa macho. Sikujua kama ana bando, wala kama mama yake hatamtuma sokoni. Tulipiga magoti kuubusu msalaba, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza kuni.

Tulipotoka, Jonathan aliwasha simu pale pale kwenye ngazi za kanisa. Akasoma hadi mwisho. Kisha akanipa nisome.

Wote watano walikuja saa tisa na robo. Davis aliandika, "Wako kwa Padri. Zimeni." Wakaanza kupiga. Moto ukapungua, na kutoka ndani ya ukuta likatokea neno moja: "Karibuni."

"Nani huyo?" Davis akaandika.

"Mwavita wa Ujiji. Mimi nimeshaswali zamani. Leo niko hapa mpaka Magharibi, na kuni ninazo."

"Tunakuja watano, binti."

"Njooni saba. Nakaanga vitumbua kwa mkono huu, nachochea kwa huu. Mmezoea sufuria, mimi nina kikaango."

Walipiga saa moja na nusu, Kaka. Mmoja aliondoka, akafuata wa pili. Davis alibaki mwisho peke yake, akapiga pigo moja moja kama mtu anayebisha hodi. Walihesabu Wakristo wote wa Gungu na Mwanga, wakaisahau Ujiji.

Jioni nilikwenda kwa Baba. Sikuomba simu. Nilisema tu, "Baba, leo ni siku ya thelathini." Akatoa simu mfukoni, akaitazama, akasema, "Dakika kumi. Na mimi nione." Saa kumi na mbili na nusu, siku ya Bonde ilipofungwa, ukuta wa magogo uligeuka mawe wenyewe, na juu ya kilima likaandikwa jina letu. Baba aliuliza, "Hiyo tu?" Kabla sijajibu, mtu akatokea katikati ya kijiji. Shati moja, kisu kisichokata, ngazi ya kwanza. Akasimama kwa woga. Nikainama, nikaandika, "Karibu." Akakimbia kujificha nyuma ya ukuta. Baba akasema, "Mwache, atazoea." Alinipa dakika ishirini.

Tangu siku ile wameingia sitini na mmoja. Darajani hapapiti mtu. Davis anasimama pale na shoka lake.

Lakini kijiji nacho kinaishi kwa moto, ukizimika siku moja kinarudi kuwa kambi. Na Davis ameandika ukutani, kila mtu asome: "Juni Radi anarudi." Wageni wananiuliza Radi ni nani. Baadhi yao wameogopa wakaondoka. Wengine wamebaki, nao wanauliza kila siku.

Nimekusamehe ya sufuria. Nimekusamehe hata ya mbao. Ila usifikiri nakuandikia kukubembeleza. Ukija na Davis, tutachochea moto mbele yako kama tulivyochochea mbele yake, na nitakuamkia kwanza, kwa sababu wewe ni kaka yangu, kisha nitaongeza kuni. Nilikuwa mmoja nikafa mara kumi na moja. Sasa hatuhesabiki kwa vidole.

Mama wa Davis alikupeleka hospitali, na hilo ni deni la heshima. Mpelekee ndizi za Kalinzi, nitazibeba nawe. Lakini hakukuomba umlipe kwa kusimama darajani.

Daftari la Jiografia liko mbele yangu. Nimepanga zamu za Juni yote. Jonathan ana asubuhi, Elinipa mchana, mimi jioni za giza Baba akiwa ziwani, Mwavita Ijumaa. Jumapili kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili nimeacha mstari mtupu. Anayetaka nafasi hiyo anaanza upya kama sisi, ngazi ya kwanza, shati moja, bila shoka la Radi.

Leta jibu kwa posta ya kwanza, hata kama ni neno moja, na Mwalimu Nikodemu akilisoma kabla yangu si kitu: kwenye mstari huo niandike jina la nani?

Mdogo wako,
Yunisi